Bahari Niliyoiuza Kabla ya Kuiona

Vijana, kabla hamjaniuliza gesti ipi ya Dar es Salaam ni nafuu, nawaambia jambo nililolificha miaka ishirini na miwili. Mimi Paskalina, niliyekata tiketi za basi stendi ya Katesh, niliyewaelekeza walimu, manesi, mabwana shamba na maharusi jinsi ya kupumzika pwani bila gari na bila kumaliza mshahara, sikuwa nimewahi kuiona bahari. Nilikuwa nimefika Singida mara mbili, na Arusha mara moja kwa ajili ya jino.

Nawaandikia kwa sababu walimu wapya watatu wa Mogitu walikuja juzi nyumbani kwangu Endasak, wakaniamkia vizuri, wakafungua simu zao wakasema, "Bibi, tupangie likizo ya Juni." Niliwaambia warudi Jumamosi. Tangu waondoke sijatulia. Nimeanza kupalilia maharage nikayaacha katikati. Nimebandika chai ikachemka mpaka ikakauka. Mume wangu anaitwa Safari na hajawahi kuvuka Babati, mnaweza kucheka, hata mimi hucheka. Asubuhi ameniuliza kama nina homa. Sina homa. Nina maneno ambayo yanataka kutoka kabla ya Jumamosi.

Dirisha langu pale stendi lilikuwa tundu kwenye ukuta wa bati, na mbele yake benchi moja. Mtu wa likizo haulizi nauli tu. Anauliza: nikishuka nitalala wapi? Nitakula nini? Nitatembeaje na sina gari wala ndugu? Miezi ya mwanzo nilikuwa nawajibu, "Sijui." Niliona nyuso zao zinavyonywea, na tajiri wangu mwenye basi aliona pia. Akaniambia, "Wewe unauza safari, huuzi karatasi. Usiwaambie watu hujui." Nilikuwa kijana kama ninyi. Nilimsikiliza kuliko ilivyopasa.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mwalimu Zuhura. Alizaliwa Dar, serikali ikamleta Endasak kufundisha, akafika mwezi wa saba na blauzi ya mikono mifupi. Nilimpa sweta yangu. Yeye akanipa Dar es Salaam. Kila alipokuja kukata tiketi ya kwenda kwao alikaa kwenye lile benchi akanichorea mitaa nyuma ya karatasi ya matangazo.

"Paskalina," aliniambia, "watu wa huku mkienda Dar mnatafuta kitanda. Tafuta kituo kwanza. Kitanda kibaya utalala tu, kutakucha. Kituo kibaya kitakula siku yako nzima."

Hilo liandikeni. Gesti iliyo umbali wa dakika tano kutoka kituo cha mabasi ya mwendokasi ni bora kuliko gesti nzuri iliyo mbali, ambayo itakulazimisha kupanda pikipiki kila ukitaka hata maji ya kunywa. Alinifundisha pia kwamba siku moja ya likizo inabeba mambo mawili tu, moja la asubuhi na moja la jioni. Ukiweka matatu utarudi kazini umechoka kuliko ulivyoondoka. Saa sita mpaka saa tisa kaa kivulini, kula kwa mama lishe, lala. Jua la kwetu huku juu linachoma ngozi, lakini ukiingia chini ya mti limekwisha. La kule linakufuata mpaka ndani ya nyumba. Nendeni Juni au Julai, msiende kwenye mvua za masika halafu mkanilaumu.

Nilikuwa nayaandika yote kwenye daftari. Kisha Mwalimu Zuhura akahamishwa, na hapo ndipo nilipoharibu. Nikaanza kujaza daftari kwa maneno ya makondakta.

Kondakta ni mtu mzuri, lakini kwake kila kitu ni karibu. "Kutoka stendi mpaka gesti? Karibu tu, mama." "Mpaka baharini? Pale pale." Nikaandika karibu tu, nikaandika pale pale, nikawaambia watu kwa sauti ya mtu aliyezaliwa huko. Wakaanza kuniita Mama Dar. Nililipenda sana jina hilo. Bwana shamba mmoja aliniuliza kama maji ya bahari ni ya baridi. Nikamjibu, "Inategemea na siku." Akaridhika kabisa.

Nesi mmoja wa kutoka Daudi, nyumbani kwetu nilikozaliwa, alirudi likizo amenuna. "Mama, ulisahau kuniambia maji yanakuja na kuondoka. Niliacha viatu vyangu mchangani nikaenda kununua mihogo, nimerudi bahari imevichukua."

"Nilidhani unajua," nikamwambia.

Siku nzima nilikata tiketi huku najiuliza maji yanakujaje na kuondoka bila mtu kuyafungulia. Sikumuuliza yeyote. Mama Dar angeulizaje?

Miaka michache kabla sijastaafu, akaja Mzee Gidahosh na mkewe, Bibi Udaweda. Ni wafugaji wa Kibarbaig wa huko tambarare, upande wa Ziwa Balangida. Mzee alikuwa mrefu, na mguu wake wa kulia ulivunjwa na dume la ng'ombe zamani ukaungwa vibaya. Alisimama dirishani na fimbo yake, nikamwamkia, "Shikamoo Mzee." Akaitikia, kisha akasema alichokuja nacho.

"Huyu nilimwambia tukiwa vijana, nitakuonyesha maji yasiyo na ng'ambo. Sasa nimeuza dume. Tuambie njia."

Bibi Udaweda alikuwa nyuma yake, bangili za shaba mikononi, anatazama mabasi kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani.

Niliwapangia siku nne. Niliwaandikia karatasi kwa herufi kubwa, kwa sababu mzee alijua kusoma kidogo: mkishuka stendi vukeni barabara, piteni kituo cha mafuta, gesti iko nyuma yake, karibu tu. Nilichosahau, au niseme kweli, nilichokuwa sijui, ni kwamba stendi ya mabasi ya mikoani ilikuwa imehamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi. Nilikuwa nimesikia ikitajwa. Nikadhani ni ng'ambo ya barabara ile ile.

Siku ya pili ya safari yao, saa saba mchana, simu yangu ikaita. Nilikuwa na foleni ndefu, ilikuwa kuelekea sikukuu.

"Mama wa tiketi," Mzee akasema, "tumevuka barabara. Kituo cha mafuta tumekiona. Nyumba hakuna."

"Endeleeni mbele kidogo, Mzee. Mtaiona."

Baada ya nusu saa akapiga tena. "Tumeendelea. Hakuna."

"Bado kidogo tu. Iko pale pale."

Vijana, nilisema hivyo nikiwa nimeshika chenji ya mtu mkononi. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli, kivulini, na upepo wa mlima Hanang unapita dirishani. Alipiga mara ya tatu, na mara hii alikuwa Bibi Udaweda, ambaye Kiswahili chake ni kidogo. Alisema maneno matatu tu. "Mzee ameanguka, mama." Simu ikakatika. Simu yao ile ndogo ya vitufe ilikuwa imeisha chaji.

Nilipiga mpaka kidole kikauma. Nilifunga dirisha na watu wakiwa kwenye foleni, nikasimama stendi nikamwendea kila kondakta, nikiuliza kama kuna gari lao limefika Mbezi. Siku mbili sikula. Siku ya tatu wakashuka kwenye basi la kurudi, mzee akiwa ameshikwa mabega na abiria wawili. Msamaria alikuwa amewaokota kando ya barabara, akampeleka zahanati, akawatafutia chumba. Mguu ulikuwa umevimba kama gogo. Siku zao zote Dar walizikaa kwenye hicho chumba, dirisha lake likitazama ukuta. Bahari hawakuiona.

Baada ya kama mwezi mmoja Mzee Gidahosh alikuja tena dirishani. Kulikuwa na watu sita au saba. Sikumbuki nilimwamkia au nilishindwa. Hakupandisha sauti.

"Nina swali moja, mama. Hiyo bahari, wewe umeiona kwa macho yako?"

Watu wote wakanitazama. Ningeweza kusema kweli hapo hapo. Nimeirudia dakika hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuwahesabia, nikiwa shambani, nikiwa kanisani.

"Ndiyo, Mzee," nikasema.

Akanitazama kidogo. "Sawa," akasema, akaondoka akichechemea kuelekea mnadani.

Baada ya hapo kazi ilianza kunikera. Nilikuwa naamka nimeota nimepotea kwenye mji ambao sijauona. Nilikaa hivyo muda mrefu, tena kwa aibu, mpaka niliposikia treni ya umeme imeanza kutoka Dodoma kwenda Dar. Siku hiyo nilimwomba tajiri likizo. Hakuwa amewahi kunisikia nikiomba.

"Unakwenda wapi?"

"Kazini," nikamjibu.

Safari, mume wangu, alinisindikiza mpaka stendi, akanitazama nikipanda basi ambalo nilikuwa nimelikatia watu tiketi maisha yangu yote. "Utarudi?" akauliza. Nikamwambia nitarudi nikiwa na akili.

Nilikwenda Singida, Dodoma nikalala, asubuhi nikapanda treni. Tiketi mkate mapema, na kitambulisho cha taifa mwende nacho, msije mkarudishwa getini. Nilikuwa nimebeba sweta mbili. Nilipofika Dar nilizitazama nikajihurumia.

Sasa sikieni nilichokifanya, maana hii ndiyo kazi yenyewe na nilichelewa kuijua. Sikutembea kama Paskalina. Nilitembea kama Mzee Gidahosh. Nilichechemea makusudi, mguu wa kulia, polepole, kila hatua, na nikawa naandika dakika. Kutoka kwenye behewa mpaka nje ya stesheni. Kutoka gesti ya Magomeni mpaka kituo cha mwendokasi. Kutoka kituo cha mwisho cha Kivukoni mpaka kwenye pantoni ya kwenda Kigamboni. Niliandika wapi pana kivuli, wapi pana ukuta wa kuegemea, choo kiko wapi, barabara ipi magari hayasimami. Watu walinionea huruma. Msichana mmoja ndani ya mwendokasi alinyanyuka, "Kaa mama, pole na mguu." Nikakaa. Nilitaka kumwambia mguu ni mzima, nikaendelea kuandika dakika.

Stesheni kuna ngazi zinazotembea zenyewe. Nilizitazama kwa muda, nikamwendea mlinzi.

"Mtu mwenye mguu mbovu anashukaje hapa?"

"Kuna lifti kule mwisho, mama. Hakuna anayeuliza."

Lifti. Hakuna kondakta ambaye angeniambia hilo kwa miaka mia. Toka siku hiyo nina sheria moja kubwa kuliko zote: ukitaka kujua umbali, usimuulize anayekaa kwenye gari. Muulize mama aliyebeba mzigo kichwani. Na usikubali neno karibu. Mwambie akupe dakika, na kama kuna kilima.

Bahari niliiona siku ya pili asubuhi, nikiwa kwenye pantoni, katikati ya watu wenye pikipiki na matenga ya kuku. Sitawadanganya, sikupata lile jambo kubwa nililolitarajia. Nilikuwa nahesabu dakika. Nilivuka, nikapanda bajaji mpaka ufukweni, nikakaa mchangani kuanzia saa tatu mpaka saa nane, nikaona kwa macho yangu maji yanaondoka taratibu, yakaacha mchanga mtupu, kisha yakaanza kurudi. Nilimkumbuka yule nesi na viatu vyake. Nilicheka peke yangu mpaka muuza madafu akanisogelea kuuliza kama niko salama.

Niliporudi Katesh sikwenda nyumbani kwanza. Nilipanda pikipiki mpaka tambarare, kwenye boma la Mzee Gidahosh. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, ananoa mkuki. Nilimwamkia, nikasimama, sikukaa nilipokaribishwa.

"Mzee, siku ile ulipouliza kama bahari nimeiona, nilisema uongo. Nilikuwa sijaiona. Wala hiyo gesti sikuwa naijua. Nimekuja kukuomba msamaha, wewe na Bibi."

Aliendelea kunoa. Ule mlio wa jiwe kwenye chuma ulinipita mifupani. Bibi Udaweda alikuwa mlangoni na kibuyu cha maziwa. Mzee akamwambia kitu kwa lugha yao, akajibu, wakazungumza hivyo muda mrefu, na mimi nimesimama kama mshitakiwa.

Hatimaye Mzee akasema, "Nilijua. Mtu aliyeona maji makubwa hasemi 'karibu tu'." Akamwonyesha Bibi kwa kidevu. "Mimi sikukasirika kwa uongo. Nilikasirika kwa sababu huyu alinibeba. Mwanamke alinibeba mgongoni, barabarani, watu wanatazama."

Sikuwa najua hilo. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilimtazama Bibi Udaweda, mwembamba vile, akatazama pembeni.

Kisha yeye ndiye aliyeuliza. "Sasa umeiona?"

"Nimeiona, Bibi."

"Basi twende."

"Mguu huu hauendi popote," Mzee akasema.

Nikafungua daftari nikamsomea. Dakika nne, kivuli, benchi. Dakika sita, ukuta wa kuegemea. Lifti. Hapa bajaji, kwa sababu kutembea bila gari si kiapo, mtu akichoka apande. Aliniuliza nani alipima. Nikamwambia nilipima mimi kwa kuchechemea, nikamwonyesha pale pale uani. Bibi Udaweda alicheka mpaka maziwa yakamwagika. Mzee hakucheka, lakini aliweka mkuki chini.

"Mguu unaochechemea ni wa kulia," akasema. "Umechechemea wa kulia?"

"Wa kulia, Mzee."

"Haya."

Tulikwenda Julai hiyo, watatu. Ilikuwa safari yangu ya mwisho kabla sijakabidhi funguo za dirisha, na ndiyo ya kwanza niliyoipanga kwa haki. Sikutulia hata kidogo. Dodoma niliamka mara tano kuangalia kama tiketi zipo. Ndani ya treni Mzee aliniambia nikae chini, nilikuwa namtia kizunguzungu. Kwenye lifti alishika fimbo kwa mikono miwili, mlango ulipofunguka akauliza kama tumehamia nyumba nyingine. Kila kipande cha njia nilikuwa natazama saa. Kutoka gesti mpaka kituoni niliandika dakika sita, tukatumia tisa, nikalikagua daftari upya. Kumbe Bibi alisimama kutazama duka la vioo.

Tulipovuka na kufika ufukweni Mzee akakaa mchangani, mguu ameunyoosha. Nami nikakaa kando yake, nikasubiri kuulizwa.

"Ng'ambo ile kuna nini?"

Miaka yote ile ningekuwa na jibu. Ningemtajia nchi, ningemtajia miji, ningemwambia ni karibu tu.

"Sijui, Mzee. Sijafika."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa bei nzuri.

Bibi Udaweda alikuwa ameshaingia majini mpaka magotini. Aliinama, akachota kwa kiganja, akaonja. Huko kwao wanakwenda kuchota magadi na chumvi ziwani kwa ajili ya mifugo, wanapakia punda, wanatembea jua zima. Alionja tena, akageuka akatupigia kelele kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie:

"Chumvi yote hii! Na ng'ombe hakuna hata mmoja!"

Hapo Mzee alicheka. Alicheka hadi akashika mbavu. Bibi akarudi, shuka limelowa, akamkamata mkono, akamwinua. Nilitaka kusema jambo kuhusu mguu, kuhusu mchanga laini, kuhusu maji ambayo saa hiyo yalikuwa yanajaa. Nilikuwa nimeyaandika yote. Bibi alinitazama tu, nikafunga daftari.

Walivua viatu vyao vya katambuga wakanikabidhi. Wakaingia polepole, Bibi upande wa mguu mbovu, mzee akiegemea bega la yule yule aliyembeba, na safari hii mzee hakuangalia kama kuna watu wanatazama.